Bafu la Mama Nyuma ya Jiko

Nyasho, Musoma
Jumapili, 14 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Alhamisi nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Nilikuwa nakuuliza habari za kiuno, wewe ukanijibu kwamba mahindi yameota vizuri. Basi turudi kwenye karatasi kama ulivyotufundisha darasani, anwani juu na tarehe chini yake. Amos wa maziwa amekubali kubeba bahasha kila Jumanne na Ijumaa anapokuja mjini.

Hapa ni wazima. Diana yuko chuoni Mwanza, analalamika kwamba kantini wanapika maharage siku saba. Duka langu la steshenari pale Mwisenge linaenda. Wiki hii shule zina mitihani, nimetoa kopi mpaka mashine ikachemka ikabidi niipumzishe. Jastin anakusalimia sana.

Sasa jambo lenyewe. Jirani yako Nyangi ameniambia uliteleza kwenye jiwe la kuogea, ukalala pale na sabuni mwilini mpaka yeye alipopita kuomba chumvi. Mimi uliniambia ulijikwaa kidogo. Mama, una miaka sabini na moja, unaoga nje kwenye uzio wa mabati, na choo chako kiko mwisho wa shamba. Nikilifikiria hilo jiwe usingizi unakatika.

Nataka uje tukae wote. Ile stoo nyuma ya jiko, yenye magunia na baiskeli mbovu, nitaigeuza iwe bafu lako. Nitaweka choo cha kukaa, maji ya moto, marumaru za kukwaruza ambazo hazitelezi, na vyuma ukutani vya kushikilia. Fundi nimempata, anaitwa Makoye, mtu wa Bunda, ametengeneza nusu ya vyoo vya mtaa huu. Sema ndiyo tu. Yeye nimemwambia aanze kutoa vitu Jumatatu.

Mwanao,
Hilda


Butiama
Ijumaa, 26 Aprili 2024

Mwanangu Hilda,

Marahaba. Barua yako imekaa kwenye koti la Amos siku kumi, ikanifikia inanuka mtindi, lakini inasomeka. Nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwa bado nimesimama getini. Mwandiko wako unakimbia kama zamani.

Huku ni salama. Mihogo imeipenda mvua. Kuku wamebaki wanne, wale wengine sijui kama ni kicheche au ni watu. Jioni nawasha redio nakaa nayo barazani. Siisikii vizuri, ila napenda taa yake ndogo nyekundu.

Kuhusu kuanguka, Nyangi anakuza mambo. Nilikaa chini kupumzika.

Kuhusu kuja, hapana, na sababu unaijua. Hapo kuna mkwe. Tangu lini mama mzaa mke akaoga chini ya paa moja na mkwewe? Mlango wa hiyo stoo unatokea ukumbini. Nitoke na kanga yangu kifuani nikutane na Jastin anakwenda kunywa maji, mimi nijifiche wapi na yeye akimbilie wapi? Miaka ishirini huyo hajawahi kuniona hata nikitafuna, leo anione na povu?

Labda kuna jambo kuhusu nyumba hiyo sijalielewa. Kama lipo, nieleze. Muda wa kusoma ninao mwingi.

Nisalimie mkwe.

Mama yako,
Getruda


Nyasho, Musoma
Jumapili, 19 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kuku bado ni wanne. Diana amefaulu masomo yote isipokuwa moja, na hilo moja anasema mwalimu wake ana kisirani. Jastin yuko Bunda. Msimu wa pamba umefunguliwa, wamemchukua tena awe karani wa mizani, kwa hiyo siku nyingi analala hukohuko. Anakusalimia.

Barua yako imenifikia wakati sakafu ya stoo imeshamwagwa zege na marumaru nusu zimelazwa. Nikamwita Makoye nikamwambia mlango wa ukumbini auzibe kwa tofali, atoboe mwingine upande wa uani. Akaanza kukwangua mwiko kwenye ndoo. Nilipomweleza kwamba anayekuja ni mama yangu mzazi, na hapa kuna mkwe, alisimama palepale. "Eeh, mama, ungesema tangu mwanzo," akaniambia. "Hata kwetu mambo hayo tunayaogopaga. Hapo mimi mwenyewe singekubali." Mlango wa zamani aliuziba siku hiyohiyo.

Balaa likawa sakafu. Sakafu ya bafu inalazwa na mteremko ili maji yakimbilie kwenye tundu lake. Makoye alikuwa ameulaza kuukimbia mlango wa zamani, kwa hiyo maji yote yakawa yanauelekea mlango mpya. Tulimwaga ndoo moja kujaribu, ikatoka nje yote mpaka kwenye mboga za jirani. Amezing'oa marumaru, anaanza upya. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari.

Lakini sasa una mlango wako. Utalala chumba cha Diana, ambacho nacho kina mlango wa uani, na kutoka hapo hadi bafuni ni hatua nne. Ukumbini hutapita kamwe. Niambie unakuja lini.

Mwanao,
Hilda


Butiama
Jumapili, 2 Juni 2024

Mwanangu Hilda,

Marahaba. Mwambie Diana kisirani cha mwalimu hakiandikwi kwenye cheti, asome.

Nyangi amekwenda Bunda kwa binti yake aliyejifungua, atakaa huko mwezi mzima. Kumekuwa kimya mno hapa. Siku nyingine neno langu la kwanza nalisema saa nane mchana, na ninawaambia kuku.

Habari za mlango nimezisoma. Umefanya vizuri. Lakini maji je? Bafu langu na bafu la mkwe yanamwaga kwenye shimo moja. Maji niliyooga mimi na maji aliyooga yeye yakakae pamoja huko chini? Bibi yako angeamka kaburini akanichapa. Nitahitaji shimo langu peke yangu.

Najua ni kazi kubwa. Kama unaona haina maana, niandikie ni kwa nini haina maana. Nitaelewa, mwanangu. Mimi ni mzee ila sijawa jiwe.

Msalimie mkwe huko kwenye mizani.

Mama yako,
Getruda


Nyasho, Musoma
Jumapili, 21 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, shimo limenila wiki zote hizi. Unaijua Musoma, ukichimba kidogo tu unagonga mwamba. Vijana walifika usawa wa magoti sururu ikaanza kutoa cheche. Ikabidi wawashe magogo juu ya mwamba kutwa nzima, halafu waumwagie maji ukiwa moto mpaka upasuke, watoe vipande, wawashe tena. Wamefanya hivyo siku tisa. Nguo zangu zote zinanuka moshi, wateja dukani wanadhani nauza mkaa.

Shimo lako limekwisha, mama, na limefunikwa. Bomba lako linapita upande wake na halikutani na bomba lingine popote.

Makoye ana maneno yake. Juzi alikwenda kuchota maji kwenye bafu la ndani, akarudi akaniuliza, "Mama, hii bafu ya mzee mbona inakaaga kavu? Wiki nzima naikuta kavu." Nikamwambia mzee anarudi kutoka Bunda watu wakiwa wamelala, anaondoka alfajiri. Akasema, "Kweli, pamba inachoshaga," akaendelea na kazi.

Jastin anakusalimia. Diana yuko likizo lakini amebaki Mwanza, amepata kibarua kwenye duka la dawa. Mimi nimezoea kupika ugali wa watu wengi, sasa kila siku unabaki, asubuhi naukaanga.

Ungeliona bafu lako. Marumaru za ukutani ni nyeupe, zina mstari mmoja wa bluu usawa wa kifua. Vile vyuma nimevijaribu kwa kuning'inia, vimenibeba na kilo zangu zote. Jana Makoye alipoondoka niliingia nikafunga mlango, nikakaa juu ya choo kipya na nguo zangu, nikakaa hapo muda mrefu. Sijui nilikuwa nangoja nini. Njoo, mama.

Mwanao,
Hilda


Butiama
Jumapili, 11 Agosti 2024

Mwanangu Hilda,

Marahaba. Mimi mzima, kiuno kinajua hali ya hewa kuliko redio. Nyangi amerudi na picha za mjukuu wake, na kila siku lazima nizitazame upya.

Kumbe mmepasua mwamba. Nilimsomea Nyangi hiyo sehemu, akasahau hata kunionyesha picha. 

Amos anasema wanunuzi wengi wa pamba huko Bunda wameshafunga mizani. Msimu wa mkwe wangu naona ni mrefu.

Nina ombi moja la mwisho, halafu sitakusumbua tena. Nyumba ni yake pia. Mwambie Jastin aniandikie yeye mwenyewe, mistari miwili tu, kwamba ananikaribisha. Mkwe akinikaribisha kwa mkono wake sitakuwa na neno, nitafunga mzigo. Na kama hawezi kuandika, basi niandikie wewe ni kwa nini hawezi. Hata kwa hilo mistari miwili inatosha.

Mama yako,
Getruda


Nyasho, Musoma
Jumapili, 1 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bafu limekwisha kabisa. Makoye amekusanya vyombo vyake Ijumaa, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Diana anakusalimia.

Jastin amekubali bila shida. Barua yake ndiyo hii chini.

Mwanao,
Hilda

"Shikamoo Mama. Ni mimi mkweo Jastin. Nimerudi salama kutoka Bunda. Hilda ameniambia kila kitu na nimefurahi sana. Hii ni nyumba yako. Mimi na Hilda tunakungoja, na nitahakikisha hupati usumbufu wowote. Karibu sana, Mama. Jastin."


Nyasho, Musoma
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Wiki ya sita hii sina barua yako. Kila Jumanne na Ijumaa namngoja Amos barabarani kabla hata hajashusha madumu. Anasema, "Mama mzima, anakaaga tu hapo barazani. Nikimuuliza barua anasema hana." Ijumaa hii nilimuuliza tena mara mbili, akaniangalia kwa huruma, nikaona aibu nikaenda dukani.

Nadhani umejua. Au hujajua, na mimi ndiye nimechoka. Vyovyote vile nitasema.

Jastin ameondoka. Aliondoka Januari, Jumapili ya kwanza ya mwaka, mimi nikiwa kanisani. Alichukua nguo na pasi, akaacha wembe na mswaki. Yuko Bunda na mwanamke anaitwa Prudence, na wana mtoto anayetembea tayari. Anayetembea, mama. Kwa hiyo miaka yote hiyo ya mizani ya pamba mimi nilikuwa namfungia chakula cha njiani. Diana anajua. Hatulizungumzi.

Ile barua niliiandika mimi. Nilikaa jikoni nikaiandika kwa mkono wa kushoto ili isifanane na yangu. Niliharibu karatasi nne. Na kingine ambacho hakuna anayekijua: baada ya Makoye kuniuliza habari za bafu la ndani, kila asubuhi kabla hajafika nilikuwa nalimwagia maji lile bafu, sakafu na kuta, na kulowanisha mswaki. Baada ya siku kadhaa nikaona nafanya hivyo hata Jumapili, siku ambayo Makoye haji.

Utauliza kwa nini sikusema. Unakumbuka Diana alipokuwa bado mgongoni, nilikuja Butiama na sanduku langu la bati. Ulinipa chai na viazi. Hukuniuliza Jastin alinifanya nini. Ulisema nyumba yangu iko Musoma, ukabeba sanduku kichwani mwenyewe mpaka barabarani, ukanipakia kwenye basi kabla jua halijazama. Sikukuchukia, mama. Ila tangu siku ile nilijua habari za namna hiyo haziletwi Butiama.

Basi nimepasua mwamba siku tisa ili maji yako yasikutane na maji ya mtu ambaye hayupo. Ningekuchimbia hata shimo la tatu kuliko kukuandikia barua hii.

Hapa hakuna mkwe. Niko peke yangu kwenye nyumba yenye mabafu mawili. Mwanzoni nilisema uje kwa ajili ya lile jiwe, na ni kweli jiwe naliogopa. Lakini naomba uje kwa sababu yangu.

Mwanao,
Hilda


Butiama
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Mwanangu, mwanangu Hilda,

Marahaba, mama. Safari hii Amos hakusahau, alikuja mbio akitetemesha madumu. Jumanne Butiama ilikuwa bado imejaa magari ya wageni wa sikukuu ya tarehe kumi na nne, kama kila mwaka, yeye akayapita yote na bahasha mdomoni. Nimekaa nayo siku mbili kabla ya kujibu.

Nilijua. Jastin alikuja hapa mwezi wa tatu, Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi, ameandamana na baba yake mdogo, Rafaeli. Alisimama getini na kofia mkononi, ana kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Alisema, "Mama, nimeona nikuambie mwenyewe, nimeshatoka kwa Hilda." Nilimrudishia sukari yake. Nilimwambia Rafaeli asikuambie kwamba walifika, kwa maana nilitaka nisikie kutoka kwako.

Halafu ukaniandikia kwamba ananisalimia sana.

Nilisoma mstari huo nikasema, huyu mtoto ananificha, acha nimbane, atasema. Ndipo nikakuandikia habari za mlango. Ukajenga mlango. Nikakuandikia habari za maji. Ukapasua mwamba! Kila ulipojenga nilikasirika zaidi, na kila nilipoandika nisalimie mkwe nilijiona mjanja. Mwalimu wa miaka thelathini na minne, nimekaa barazani namtega mwanangu aliyeachwa. Nilipaswa kukuandikia mwezi wa tatu uleule: Hilda, nimejua, pole. Maneno matatu. Nilishindwa kwa sababu ya lile sanduku la bati. Ningekuambiaje sema, na mimi ndiye niliyekunyamazisha?

Barua ya Jastin ilipofika ndipo ujanja ulinitoka. Nilikuona umekaa mezani peke yako, unaniandikia salamu za mume ambaye hana habari na wewe. Wiki sita zilipita hivi. Nilikuwa nachukua kalamu, naandika tarehe, naiweka chini.

Siku ile ya sanduku, nilirudi nyumbani nikakuta umesahau kitambaa cha Diana kwenye kamba. Nilikuwa na muda wa kukimbia nacho barabarani, basi lilikuwa bado linapakia. Sikukimbia. Niliogopa nikikuona tena nitakushusha. Watu wangesema nini, binti wa mwalimu. Hao watu sasa wengine wamekufa, wengine sijui hata waliko. Kitambaa ninacho.

Na mimi niseme la kwangu. Sikuanguka mara moja. Nimeanguka mara tatu, na ya tatu Nyangi alikuwa Bunda, nikatambaa mwenyewe mpaka mlangoni, na kuku wakinitazama. Tangu hapo kule nje siogi. Naoga kwenye beseni chumbani, kipande kimoja kimoja cha mwili, halafu nakaa kitandani na taulo nangoja nguvu za kwenda kumwaga maji.

Nataka kuoga, Hilda. Nataka maji yanimwagikie kichwani nikiwa nimeshika hicho chuma ulichoning'inia. Ule mlango wa ukumbini mwambie Makoye aufungue tena, nisizunguke uani mvua ikinyesha kwa heshima ya mtu aliyehamia Bunda. Wa uani auzibe. Sakafu akishailaza tena ajaribu kwa ndoo mbili. Na nikioga usiende mbali, siku hizi nikiita sauti haifiki.

Nitakuja Jumamosi tarehe ishirini na sita. Eliasi dereva wa basi atanipakia mbele, tutafika stendi kama saa tano. Nina sanduku moja, ni lile lile la bati, uliliacha mwaka ule ulipokuja kumzika baba yako. Siwezi kulibeba kichwani tena, utalibeba wewe.

Nikishuka, mwanangu, usinirudishe.

Mama yako,
Getruda